Nilivyokwenda Kondoa Kudai Kodi ya Ndege Tusiyoipanda

Nilikwenda Kondoa kutafuta saini moja. Mama yangu alikuwa na tiketi ya ndege ambayo haikutumika, kampuni ya ndege ilikuwa tayari kurudisha kodi zilizokuwamo ndani ya tiketi hiyo, na fomu ya madai ilitaka saini ya mwenye tiketi pamoja na muhuri wa serikali ya mtaa wake. Niliondoka Dodoma nikidhani kilicho hatarini ni shilingi elfu kumi na tatu. Nilipofika nikakuta ni heshima ya mama yangu mdogo, Hadija, ambaye kwa miezi miwili alikuwa akiishi mawinguni. Karatasi iliyokuwa kwenye mkoba wangu ndiyo ingemshusha.

Tiketi yenyewe ilipatikana hivi. Mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam alipata mtoto wa kwanza, nami nikamkatia Mama tiketi ya ndege kutoka Dodoma ili akamwone mjukuu. Siku mbili kabla ya safari, goti la Mama likavimba. Akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angekifanya na tiketi ya basi: akampa mdogo wake. Kwenye basi jambo hilo halina mjadala. Kiti kimelipiwa, kondakta anahesabu vichwa, hakuna anayeuliza kichwa ni cha nani. Hakuna aliyenipigia simu kuniambia. Asubuhi ya safari nilikwenda stendi kumpokea Mama, akashuka Mama Mdogo, hina mkononi, khanga mpya ya manjano, anacheka.

Nilijua kuna tatizo, lakini uso ule ungeuambia nini? Nikasema tukajaribu. Njiani kwenye bajaji alinitaka nimweleze ndege ikoje, nami nikamweleza nilichokiona mara mbili nilizopanda kwa safari za kazi: mawingu ukiyatazama kutoka juu ni kama pamba iliyochambuliwa na kuanikwa, milima ya Morogoro ni kama matuta ya viazi, na utapewa pakiti ya karanga.

Dada wa kaunta alikitazama kitambulisho, akaitazama tiketi. "Mama, wewe siye Mwanaidi."

"Mwanaidi ni dada yangu. Tumbo moja," alisema Mama Mdogo.

"Naona, mnafanana sana. Ila hatupandishi kwa kufanana, mama yangu."

Ndege ikaondoka na kiti kitupu. Jioni ile nikamkatia tiketi ya treni ya umeme, akaenda kumwona mtoto, akarudi Kondoa kwa basi. Nikaamini mambo yameishia hapo.

Jumatano, Mtumba. Nafanya kazi masjala, katika wizara moja kwenye Mji wa Serikali. Kazi yangu ni majalada: kila karatasi ina namba, kila namba ina mahali, na jalada halifungwi mpaka sababu iandikwe. Ndiyo maana sikuweza kuiacha ile tiketi ikae wazi kichwani mwangu. Nauli niliisamehe. Niliyaona masharti wakati nanunua, na kiti walikishika kweli kwa ajili yetu. Lakini ndani ya ile bei kulikuwa na shilingi elfu thelathini na nane za kodi na tozo za uwanja, ambazo hutozwa abiria akisafiri. Abiria hakusafiri. Nikaandika barua pepe, wakajibu kwa adabu: zinarudishwa, ila watakata elfu ishirini na tano, ada ya uendeshaji.

Godfrey, mhasibu wa chumba cha pili, aliisoma barua hiyo akiwa ameshika kikombe changu cha chai.

"Ni haki yao," alisema. "Kurudisha pesa ni kazi, Zuhura. Mtu anafungua dai, anahakiki, anaandika, benki nayo inataka chake."

"Wakati wa kuzichukua haikuwa kazi?"

"Wakati wa kuzichukua ulifanya mwenyewe kwenye simu."

"Basi waniache nizirudishe mwenyewe kwenye simu."

Chumba kizima kilicheka, Godfrey akiwemo. Kisha akapiga hesabu, maana mhasibu hawezi kujizuia. Nauli ya kwenda Kondoa na kurudi ilizidi kile ambacho ningelipwa. "Unasafiri kwenda kudai hasara," alisema.

"Nakwenda kumwona Mama. Fomu inapanda bure."

Alhamisi, saa mbili asubuhi, basi liliondoka. Nilikuwa na ruhusa ya siku mbili na kiti cha dirishani. Baada ya nyumba za mwisho za mji yalianza mashamba ya zabibu, kisha uwanda ukafunguka: mtama uliokwishavunwa, alizeti zimeinamisha vichwa zikisubiri kukatwa, mbuzi wakivuka lami kwa miadi yao wenyewe. Nikaitoa fomu niisome vizuri kwa mara ya kwanza. Ilisema: "Nathibitisha kuwa tiketi hii haikutumika, na kwamba hakuna mtu aliyesafiri katika kiti nilichokata." Niliona sentensi safi kabisa, iliyoandikwa na mtu wa masjala mwenzangu.

Jirani yangu alikuwa bwana wa makamo aliyepakata mkanda mpana wa mashine kama mtu aliyebeba nyoka mzito. Alijitambulisha kwa jina la Yohana. Ana mashine ya kukamua alizeti Chemba, na mkanda wa zamani ulikuwa umekatika. Simu yake ililia, akaongea na mkewe Kisandawe, ile milio ya ulimi ikidondoka katikati ya maneno kama karanga zinazobanjwa. Alipomaliza akaichungulia fomu.

"Dada, hiyo ni hati ya kesi?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, akauliza swali moja tu: wamekata kiasi gani? Kisha akasema, "Mimi nami nakata."

"Unakata nini?"

"Mtu analeta alizeti, umeme unakatika siku tatu, anachoka, anataka mzigo wake arudi nao. Nakata bakuli moja."

"Na hukumkamulia hata tone?"

"Nimeshusha gunia, nimepima, nimelinda panya wasile. Panya wa Chemba hawana likizo, dada yangu."

Ilibidi nikubali kwamba alikuwa na hoja, na kwamba Godfrey, popote alipokuwa, alikuwa amepata mtetezi. Nikajaribu njia nyingine. "Bakuli hilo ni kwa gunia zima?"

"Kwa gunia."

"Na aliyeleta kopo la kimbo?"

Yohana alinitazama kana kwamba nimemtukania mashine. "Mwenye kopo nimkate bakuli, abaki na nini? Yule anachukua kopo lake, ananiambia asante, nami namwambia karibu tena."

Niliandika hayo kwenye daftari langu hapo hapo. Kwa aliyekata tiketi ya kwenda ng'ambo, elfu ishirini na tano ni bakuli kwenye gunia. Kwa Dodoma na Dar es Salaam ni bakuli kwenye kopo, na kampuni inachota vilevile, bila kutazama ndani. Yohana alishuka Chemba na mkanda wake, akanitakia ushindi kwa mkono ulioinuliwa.

Saa tano na nusu nilishuka stendi ya Kondoa. Kijana wa bodaboda aliponisikia nikitaja mtaa, akageuza shingo. "Wewe si mtoto wa dada yake Rubani?"

"Rubani gani?"

"Bi Hadija. Si ndiye aliyepanda ndege? Wewe ndiye uliyempeleka, alituambia. Hongera, dada. Mmetupandisha chati mtaa mzima."

Barabara ya kwetu ni fupi lakini ilinitosha kuelewa. Muuza duka la kona alinisalimia kwa kunyoosha mikono kama mabawa.

Nilipoingia uani, Mama Mdogo alikuwa kwenye mkeka na majirani wawili, wanamenya karanga. Nilitoa shikamoo, nikapewa marahaba tatu na maswali ya afya, kisha jirani mmoja akasema, "Hadija, malizia. Ulifikia milima."

"Milima ya Morogoro," alisema Mama Mdogo, bila kunitazama, "ukiiona kutoka kule juu, ni kama matuta ya viazi. Na mawingu, jamani, ni kama pamba iliyochambuliwa ikaanikwa."

Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno, ila mdomoni mwake yalikuwa mazuri zaidi. Jirani akaniambia nikaone ile pakiti ya karanga za ndege. Ilikuwa kabatini, tupu, imenyooshwa kama cheti. Niliitambua. Nilimnunulia mwenyewe stesheni ya treni.

Mama nilimkuta ndani, goti limepona, anakunja nguo. Nikamwonyesha fomu. Aliisoma polepole kwa kidole mpaka pale pasemapo hakuna mtu aliyesafiri, akakiacha kidole hapo.

"Na huu muhuri unagongwa na nani?"

"Mtendaji wa mtaa."

"Athumani," alisema Mama. "Athumani akijua jambo asubuhi, adhuhuri linajulikana mpaka sokoni."

"Mama, wewe ulijua?"

"Nimemjua Hadija tangu anatambaa. Mtu aliyepanda ndege mara ya kwanza angesimulia woga. Yeye anasimulia mawingu tu." Alikunja khanga nyingine. "Lakini tiketi ulinunua wewe, Zuhura. Pesa ni zako. Ukisema kesho twende, tutakwenda nami nitatia saini."

Ijumaa, asubuhi na mapema, Mama Mdogo alikuwa jikoni anasukuma chapati. Nilichuchumaa kumsaidia kupuliza moto.

"Hiyo karatasi uliyomwonyesha dada," alisema, "inasemaje?"

Ningeweza kusema ni mambo ya kazini. Lakini kusoma karatasi kama zilivyo ndiyo kazi yangu, na yeye aliuliza kwa upole. Nikamsomea yote: kodi, ada ya uendeshaji, kitakachobaki, na ile sentensi. Aliigeuza chapati, akaitazama, akaigeuza tena.

"Elfu kumi na tatu," alisema.

"Ndiyo, Mama Mdogo."

"Wale wa kiwanjani hawawezi kuzileta bila kumwambia Athumani?"

"Fomu inataka muhuri."

"Waliponirudisha pale kaunta hawakutaka muhuri." Akaiweka chapati kwenye sahani. "Haya. Pesa ni pesa. Nami nitawasindikiza."

Tulikwenda watatu. Mama Mdogo alivaa ile khanga ya manjano. Hina ilikuwa imebaki kwenye kucha tu, ncha za rangi ya kutu, na alitembea mbele yetu kidogo, amenyooka, akiitikia kila aliyemwita Rubani. Nilihesabu: sita, kutoka nyumbani mpaka ofisi ya mtaa. Mjane huyu amelima na kuuza karanga maisha yake yote katika mji huu, na sikumbuki kama aliwahi kuitwa kwa jina lolote isipokuwa Hadija wa karanga.

Kwenye ofisi ya mtendaji alikuwapo mgeni, bwana mmoja kutoka Babati aliyekuja kwa habari za kiwanja. Athumani alisimama alipotuona.

"Rubani! Karibu, karibu. Mmekuja na jeshi. Nigonge nini leo?"

Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba na vidole vimeishika fomu. Mama alikuwa ananitazama. Mama Mdogo alikuwa anatazama ukutani, kwenye kalenda, ameshika pindo la khanga kwa mikono yote miwili. Siku ile kaunta, alipoambiwa hatupandishi kwa kufanana, alisimama hivyo hivyo. Nikakumbuka kwamba hakulia. Aliniuliza tu kama inawezekana asogee dirishani aione ikiondoka.

"Hugongi kitu," nilisema. "Tumekuja kukusalimia."

"Watu watatu? Asubuhi yote hii? Kunisalimia mimi?" Athumani alitutazama mmoja mmoja. "Basi leo sikukuu na sikuambiwa." Akamgeukia mgeni wake. "Bwana, huyu mama amepanda ndege. Rubani, hebu msimulie huyu, kwao Babati hawajui mambo."

Mama Mdogo aliendelea kukunja pindo la khanga. Nilidhani amechoka na yale mawingu. Ndipo Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake chumvi:

"Hadija, leo msimulie na ile ya woga."

Dada na mdogo wake wakatazamana. Sijui ni mambo gani ya miaka sitini yalipita katika mtazamo ule.

"Woga?" alisema Mama Mdogo taratibu. "Woga usiseme. Ilipoinuka, tumbo langu likabaki Dodoma. Nikamshika jirani yangu mkono, kijana wa watu, simjui wala hanijui, nikasoma kila dua niliyofundishwa, zikaisha, nikaanza upya. Yule kijana akaniambia, mama, niachie mkono nile karanga zangu."

Mgeni wa Babati alicheka mpaka akaomba maji. Athumani alikuwa anapiga meza. Na Mama, ambaye angepaswa kuwa katika kiti kile, alicheka kuliko wote, anafuta machozi kwa kilemba.

Jumamosi, saa tatu, walinisindikiza stendi. Mama Mdogo alinipa mfuko wa karanga mbichi, akakazana niuweke juu ya mapaja, nisiutie chini ya kiti. Hakutaja fomu, nami sikutaja.

Basi lilipokaribia Chemba nikaufungua mfuko ili nitafune. Juu ya karanga kulikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya fundo kulikuwa na noti ya elfu kumi, ya elfu mbili na ya elfu moja. Nilimpigia hapo hapo.

"Mama Mdogo, hii nini?"

"Si ndiyo waliyotaka kukupa? Nimekupa mimi."

"Siwezi kuichukua. Nakutumia sasa hivi kwenye simu."

"Thubutu!" Nilisikia karanga zikimwagika kwenye ungo upande wake. "Ukituma watakukata wewe. Nikienda kuitoa watanikata mimi. Mwanangu, wewe si ndiye uliyepanda basi mpaka huku kwa sababu ya watu wanaokata? Kaa na pesa yako, nami nikae na safari yangu."

Akakata simu. Nje, Chemba ilikuwa inapita, na mahali fulani pale mashine ya Yohana bila shaka ilikuwa inazunguka na mkanda mpya.

Jumatatu, Mtumba. Godfrey alikuja na kikombe kabla sijaketi. "Vipi, haki au si haki?"

Nilimwambia nilichojifunza njiani. Kurudisha kitu cha mtu kuna kazi, hilo nalikubali, na mwenye kazi ale. Lakini kodi haikuwa mali ya kampuni. Ilikuwa mzigo wa mtu mwingine uliowekwa kwao, na mwenye haki hulitazama kopo kabla ya kuchota. Anayeuza tiketi kwa dakika mbili bila kuona uso wa mtu, kisha akataka saini, muhuri na ungamo ili arudishe kidogo kilichobaki, anajua wengi watachoka njiani. Na kuna gharama ambayo hata Godfrey hana safu yake ya kuiandika: kumfanya mama mtu mzima aende mbele ya mtaa wake kusema hakupanda.

"Kwa hiyo hukudai," alisema Godfrey.

"Nimelipwa."

"Na kampuni?"

"Hapana."

Akaondoka na kikombe changu. Nikachukua jalada jipya, nikatia tiketi, barua yao na ile fomu isiyo na saini. Jalada halifungwi bila sababu, kwa hiyo nikaiandika juu ya karatasi ya kwanza, kwa mwandiko wangu mzuri wa kazini: "Limefungwa. Abiria alisafiri."